UZI: Siku 14 za tenda, kesi yako nzuri yafia mlangoni

LoyaWaMvita (mwanzisha uzi)

Jamaa wa Mombasa na Pwani nzima, hasa nyinyi mnaokimbizana na tenda za serikali, na nyinyi mawakili wachanga mnaoshika kesi hizi kwa vile mwasikia zina pesa, kaeni kidogo niwaeleze kitu ambacho kimenikaa kooni tangu Ijumaa.

Ijumaa saa kumi jioni yuaja mtu ofisini kwetu hapa Nkrumah Road, jasho lamtiririka maana lifti imekufa na sisi tuko juu, kwapani kabana bahasha ya kaki imevimba mpaka yataka kupasuka. Ana kampuni ndogo ya usafi. Aliomba tenda ya kusafisha majengo ya ofisi moja ya umma, sitaitaja, na bei yake siku ya kufungua ndo ilosomwa ya chini kushinda zote. Halafu barua ikaja, mistari minne, eti hakutimiza matakwa ya lazima. Matakwa gani? Barua haisemi. Nani kashinda na kwa bei gani? Ilitajwa kampuni, bei hakuna.

Nikaisoma ile barua wallahi nikafurahi. Wakili akiona barua kama ile ni kama mvuvi kuona nyavu zatikisika. Kanuni za ununuzi wa umma za 2020, ile ya 82, zataka aloshindwa aambiwe nani kashinda, kwa bei gani, na yeye kaangushwa kwa sababu zipi. Nikamwambia hii kesi ni yako, hebu nambie barua ulipata lini. Akanitolea nakala ina muhuri wa karani wake mwenyewe, Alhamisi. Nikageuka kwa kalenda ya ukutani, ile ya duka la vipuri, nikaanza kuhesabu kwa kidole. Nikarudia mara ya pili. Siku ya kumi na tano.

Yaani jana yake angeniletea ile bahasha, saa hizi tungekuwa mbele ya Bodi ya Mapitio, ile inayosikiza kesi za tenda.

Na msidhani alikuwa amelala. Jumatatu baada ya kupata barua aliandika malalamiko akayapeleka mwenyewe kwa mkono. Akaambiwa mkubwa yuko semina. Alhamisi akarudi, akaambiwa barua yako iko mezani yaangaliwa. Jumanne ya siku ya kumi na mbili akapigiwa simu na mtu mpole kabisa, "mzee wangu usiwe na wasiwasi, njoo Ijumaa tuizungumze". Ijumaa akenda, akaambiwa "sasa muda wako wa kulalamika si ulikwisha jana?" Ndo akapanda ngazi kuja kwetu.

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 167, yasema ukiwa na malalamiko wende kwa Bodi ya Mapitio ndani ya siku 14 tangu ulipoarifiwa, au tangu lile kosa lilipotokea. Haisemi siku 14 tangu ulipochoka kusubiri jibu la ofisi. Barua yako ya malalamiko ni haki yako kuiandika lakini haisimamishi saa hata dakika moja, na kuna maofisa wanaolijua hilo kuliko wewe na wakili wako mkiwekwa pamoja.

KontraktaKisauni

Pole yake maskini. Lakini wakili hebu nieleze, kwani siku 14 ni pamoja na Jumapili? Mimi nliambiwa ni siku za kazi tu.

LoyaWaMvita

@KontraktaKisauni alokwambia hivyo alikuwa akutakia mabaya. Ni siku za kalenda. Kuna sheria nyengine ya tafsiri, Sura ya 2, kifungu cha 57, hiyo ndo yatufundisha kuhesabu. Siku uloarifiwa haihesabiwi. Jumapili za katikati zahesabiwa kama kawaida. Ikiwa ile ya mwisho kabisa ndo imeangukia Jumapili au sikukuu ya serikali, wapewa siku inayofuata. Kwa hiyo ukiarifiwa Jumatano tarehe 4, siku ya kwanza ni tarehe 5, ya mwisho ni Jumatano tarehe 18. Ikiwa tarehe 18 ni Idd na imetangazwa rasmi, una hadi 19. Lakini mimi nikwambie, mtu anayetegemea mwezi uandame ndo awasilishe kesi, huyo ajiombee dua tu.

Na si mlalamishi peke yake anayehesabiwa. Kesi hizi kila mtu ana saa shingoni. Bodi ina siku 21 kutoa uamuzi. Usiporidhika wenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Mahakama Kuu nayo ina siku 45. Hapo pia hujaridhika, una siku 7 tu kwenda Mahakama ya Rufani, nayo ina 45. Jumlisha zote ni siku 146, miezi mitano haitimii. Kesi ya shamba hapa kwetu miezi mitano hamjamaliza hata kutajiwa tarehe.

Kilichobadilisha mambo kabisa ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2021, kesi ya tenda ya Tume ya Huduma za Bunge. Kabla ya hapo watu walikuwa wazichukulia zile siku 45 za Mahakama Kuu kama pambo, jaji akizidisha wiki mbili si neno, kazi ni nyingi. Majaji wa rufani wakasema hapana, ule uwezo wa mahakama kusikiza hiyo kesi una mwisho wake, siku zikisha uwezo nao umekwisha, hukumu itakayotoka baadaye ni karatasi tu. Na kifungu cha 175 chasema muda ukipita bila hukumu, uamuzi wa Bodi ndo unabaki. Fikiria wewe ndo mlalamishi ulishindwa kwa Bodi, umekwenda Mahakama Kuu una hoja nzito kama nanga, jaji akakupa ushindi siku ya 50. Umeshinda bure! Tangu hapo wakili wa kesi za tenda yuaingia kortini na kalenda mkononi, na lazima umkumbushe jaji kwa adabu bila kumuudhi, nayo hiyo ni kazi peke yake.

baharia_08

Haya yote mazuri lakini tuseme ukweli, tenda zishagawanywa kabla gazeti halijatoka. Bodi ya nini? Mwaenda kutajirisha mawakili tu.

LoyaWaMvita

@baharia_08 sikukatalii kuwa ziko zinazogawanywa. Lakini ndo maana kuna kifungu cha 168. Ombi lako likishafika kwa Bodi na ofisi ikaarifiwa, mambo yote ya ile tenda yasimama. Hakuna kusaini mkataba. Hata bila kesi, kifungu cha 135 chawakataza kusaini kabla ya siku 14 kupita tangu waarifu watu. Sasa aliyegawa tenda chini ya meza anachoogopa zaidi ni hicho kisimamo, maana Bodi yaitisha faili lote, na faili halijui kunyamaza. Yaweza kufuta ule ushindi, yaweza kuamuru tathmini irudiwe, yaweza kumtwisha mtu gharama. Nimeshaona tathmini ikirudiwa na yule wa chini akapanda juu. Si kila siku, lakini nimeona.

SiriYaOfisi

Mimi niko upande wa pili, ni wakili ndani ya ofisi ya umma hapa Pwani, na mimi siitaji. Wacha na sisi tuseme yetu maana kila uzi ni sisi twapigwa mawe.

Nyinyi mwalia siku 14, sisi tunazo 5. Bodi ikituarifu kuwa kuna ombi, ndani ya siku tano twatakiwa tuwe tumejibu kwa maandishi na tumepeleka faili la siri lote. Sasa njoo uone hizo siku tano zinavyokwenda. Arifa imeingia Alhamisi jioni. Ofisa wa ununuzi yuko likizo Lamu, simu haishiki. Ripoti ya kamati ya tathmini naipata Ijumaa, naifungua, kurasa za mwisho kuna majina matano na sahihi nne. Wa tano kahamishwa. Maoni ya kitaalamu ya mkuu wa ununuzi, yale ya kifungu cha 84, yana tarehe ya baadaye kuliko barua za kuwaarifu watu! Yaani waliarifu kwanza halafu wakaandika maoni ya kuhalalisha. Sasa mimi wakili hapo nafanya nini? Nikienda kwa Bodi natetea kitu ambacho mimi mwenyewe ningekuwa upande wa pili ningekila kama mahamri.

Shida yetu ni kuwa wakili wa ofisi aitwa mwisho, kama zimamoto. Hatuonyeshwi hati za tenda kabla hazijatangazwa. Lipo moja nilikumbana nalo, tenda imefutwa kati kati, kufuta kunaruhusiwa, kifungu cha 63, ati bajeti haitoshi. Nikauliza iko wapi karatasi ya bajeti, kimya. Bodi haitaki neno tupu, yataka ushahidi wa kushikika kuwa ile sababu ni ya kweli, na ripoti iwe imeenda kwa PPRA, ile mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, ndani ya siku 14. Ukiwa huna, ule ukuta wa kuwa Bodi haina uwezo kwa tenda iliyofutwa waanguka hapo hapo, na mimi ndo nasimama chini yake.

LoyaWaMvita

@SiriYaOfisi wallahi umesema kweli na nimecheka hapo kwa mahamri. Lakini hizo tarehe za maoni ya kitaalamu, ndugu yangu, hicho ndo kitu cha kwanza sisi twaangalia.

SiriYaOfisi

Najua mwaangalia. Na kuna mengine yametuongezekea. Mkataba unaopita shilingi bilioni 5 lazima upite kwa Mwanasheria Mkuu kabla ya kusainiwa, hilo la zamani lakini bado wakubwa wasahau, wataka nisukume mwenyewe. Kwa kaunti kuna ile Sheria ya Ofisi ya Wakili wa Kaunti ya 2020, idara haitakiwi kujichukulia wakili wa nje kivyake bila wakili wa kaunti kukubali. Halafu 2025 ikaja Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Hiyo yatugusa sisi watu wa ofisi moja kwa moja, huwezi kuwa wewe ndo washauri juu ya tenda na shemeji yako ni mmoja wa waloomba halafu ukanyamaza. Na adhabu za ile sheria ya 2015 si za kampuni pekee, mtu binafsi yafika faini ya milioni 4 au miaka kumi ndani. Mkubwa akinambia "saini tu bwana tutarekebisha baadaye" mimi nafikiria jela ya Shimo la Tewa.

mama_Ukunda

Wakili nisaidie. Mimi niko kwa zile 30% za tenda walizotengewa wanawake, vijana na walemavu. Mwaka jana niliangushwa kwa sababu kurasa hazikuwa na nambari. Nilikaa cyber ya Mwembe Tayari mpaka saa sita usiku, mtoto wa cyber akachanganya viambatisho, kurasa mia mbili na kitu nikaziandika nambari kwa kalamu ya bluu mkono ukafa ganzi. Kumbe nyuma ya cheti cha ushuru nimeruka kurasa mbili. Kuangushwa kwa kurasa mbili ni haki?

LoyaWaMvita

@mama_Ukunda pole sana mamangu. Nambari za kurasa zimo ndani ya sheria yenyewe, kifungu cha 74, si ofisi ilojitungia. Lakini 79 nacho chasema kasoro ndogo isiyobadilisha kiini cha ombi lako haitoshi kukuangusha. Sasa kurasa mbili zilizorukwa ni kasoro ndogo au ni kubwa? Hapo ndo pa kubishania, na unaibishania kwa Bodi, hubishani kwa kaunta ya ofisi. Maoni yangu mimi, mtu aloandika mia mbili kwa mkono akaruka mbili hakutaka kumdanganya mtu. Lakini umesema mwaka jana, na siku ndo hizo.

Ukiomba tena, ukimaliza kuandika nambari mpe mtu mwengine azisome kwa sauti kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Macho ya mwenyewe hayaoni alichoruka.

Na jengine, hii wanisikize mawakili. 2019 Mahakama ya Rufani hapa hapa Mombasa iliamua kesi ya tenda ya bandari, na wengi hawajaisoma mpaka leo. Mlalamishi lazima aonyeshe amepata hasara au yuko hatarini kupata hasara kwa sababu ya lile kosa. Lazima uiandike ndani ya ombi, usiiache Bodi ikukisie. Na ukishtaki, lazima umuunge afisa mhasibu, yaani yule mkubwa anayejibia pesa za ofisi, si ofisi peke yake. Sheria ya zamani ya 2005 ilikuwa yataja taasisi inayonunua, hii ya 2015 ikabadilisha ikamtaja afisa mhasibu wa taasisi. Neno moja hilo. Kuna mtu alinakili fomu ya mwenzake ya zamani, hakumtaja afisa mhasibu, kesi ikenda na maji.

mama_Ukunda

Na ada ya Bodi ni ngapi, wakili? Mwenzako nauza vitu vidogo vidogo.

LoyaWaMvita

Yapanda na ukubwa wa tenda, iko kwa jedwali la kanuni za 2020. Kabla hujalipa piga hesabu, faida ya ile tenda ingekuwa ngapi. Kuna watu nimewarudisha nyumbani kutoka kwa kiti changu nikawaambia hii usiipiganie, tafuta ya mbele. Safari ya Nairobi siku hizi si lazima, tangu wakati wa Korona Bodi ilianza kupokea mambo kwa imeli na kusikiza kwa mtandao, hilo limetusaidia sana sisi wa Pwani. Zamani nlikuwa napanda basi la usiku na faili kwenye mapaja, usingizi hupati kwa kuogopa litaibwa basi likisimama Mtito Andei.

Mswahili_wa_Kuze

Na huu mfumo mpya wa kieletroniki je? Hazina ilisema kuanzia mwaka wa fedha wa 2025/26 kila tenda ipite humo, magavana wakakataa, wakenda Mahakama Kuu. Sasa mimi mwenye duka la komputa nifuate lipi?

LoyaWaMvita

Sheikh wangu, jisajili. Kesi ya magavana na Hazina ni ndovu wanapigana, wewe usijifanye nyasi. Soma tangazo la kila tenda, lasema upeleke wapi na kwa njia gani, fuata hilo hilo lililoandikwa, kama lajigonga uliza kwa maandishi kabla ya tarehe ya kufunga.

Mimi kinachonikosesha usingizi kwa huo mfumo ni kitu kidogo ambacho watu hawakizungumzii, ni ile arifa. Barua ya karatasi ina muhuri wa kupokea, twabishana juu ya muhuri. Sasa arifa ikiwekwa ndani ya portali saa tano za usiku na wewe hujaingia kwa akaunti yako siku nne kwa sababu bando limekwisha, umearifiwa lini? Lilipowekwa au ulipofungua? Mimi nitasimama upande wa mteja wangu nibishe mpaka povu, lakini mteja wangu mwenyewe namwambia ingia kila siku, asubuhi na jioni, kama mtu anayeangalia matokeo ya mtihani wa mwanawe.

SiriYaOfisi

Hapo kwa arifa hata sisi twaogopa. Mfumo ukizima siku ya kufungua tenda nitaambia nini Bodi, stima ilipotea?

baharia_08

Sawa, nimewasikia, nimenyamaza. Lakini yule jamaa wa usafi sasa ndo basi?

LoyaWaMvita

@baharia_08 kwa Bodi ndo basi. Tumeangalia kila upande, Jumamosi nzima, mimi na mwanafunzi wa mazoezi, chai ya tangawizi na viazi karai. Barua mbovu kweli, lakini muhuri ni wa karani wake, siwezi kusema hakuipata. Nimemwandikia lalamiko kwa PPRA maana hao wana kazi ya kuchunguza, lakini nikamwambia wazi kuwa tenda haitarudi. Hakunilipa na sikumdai. Alichonambia ni kuwa yule mtu mpole wa simu alimwita "mzee wangu" mara tatu.

binti_wa_Likoni

Samahani wakili nimesoma uzi wote mkono kifuani. Sisi tumeangushwa tenda ya kushona sare. Imeli ilikuja Jumanne tarehe 8 usiku ikaangukia kwa spamu, mimi nimeiona Alhamisi tarehe 10. Jana nimepeleka barua ofisini kwao, wameniambia nirudi wiki ijayo kuchukua jibu. Nihesabu kutoka 8 au 10?

LoyaWaMvita

Dadangu, hesabu kutoka tarehe 8. Ya tarehe 10 tutaiweka kibindoni tukibanwa, lakini usiipangie nayo. Siku ya kwanza ni Jumatano tarehe 9, ya mwisho ni Jumanne tarehe 22. Leo Alhamisi tarehe 17 ni siku ya tisa.

Wiki ijayo usende kwao. Kesho saa mbili asubuhi vuka feri uje, ngazi ni nyingi lakini utafika. Ulete hati ya tenda yote uloomba nayo, ile imeli usiifute wala usiitoe kwa spamu, iache hapo hapo ilipoangukia, na nakala ya barua uliyopeleka jana. Ikiwa walikupigia muhuri.

binti_wa_Likoni

Hawakupiga muhuri. Walisema wino umekwisha.

LoyaWaMvita

Haya. Njoo na simu yako basi, nione kama ulipiga picha.